"Jason": Ndege Moja na Wenyewe Wengi

Jahazi lina mwenyewe, lina nahodha, tena lina fundi. Mwenyewe hutoa mali, nahodha hushika safari, naye fundi hulitia kalafati lisizame. Aulizaye jahazi ni la nani hutajiwa yule wa kwanza, ingawa bila ya wale wawili lisingaliondoka bandarini. Swali hilo lastahili kuulizwa pia juu ya ndege ndogo ya kijani iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi mjini London.

Ndege hiyo ni ya aina ya Gipsy Moth, iliyoundwa mwaka 1928 na kampuni ya de Havilland katika kiwanda chake cha Stag Lane, London. Kiunzi chake ni cha mbao. Mabawa yake, ya juu na ya chini, yamevikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Ina viti viwili vilivyo wazi kwa jua na mvua, na injini ya nguvu za farasi zipatazo 100. Ndege za ukoo huo hazikuwa ngeni kwetu Afrika ya Mashariki: kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ilianza kazi yake kwa Gipsy Moth moja.

Katika daftari la usajili ndege yetu ilipewa herufi G-AAAH. Kabla ya kupata sifa ilikuwa mikononi mwa Kapteni W. L. Hope, rubani aliyefanya biashara ya kukodisha ndege. Mwaka 1930 iliuzwa kwa pauni 600 kwa Amy Johnson, binti wa Hull aliyekuwa karani katika ofisi ya mawakili. Fedha hizo hazikuwa zake mwenyewe: sehemu moja ilitolewa na baba yake, na nyingine na Lord Wakefield, tajiri wa mafuta ya mitambo. Hata jina la Jason lilitoka kwa jamaa zake, maana lilikuwa alama ya biashara yao ya samaki. Alichokuwa nacho Amy mwenyewe ni elimu. Alikwisha kupata leseni ya urubani, tena leseni ya ufundi wa ndege, ambayo hakuna mwanamke wa Uingereza aliyekuwa ameipata kabla yake.

Tarehe 5 Mei, 1930, aliondoka Croydon peke yake kuelekea Australia. Safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa ya kutoka London hadi Hull tu. Siku ya sita alitua Karachi, akiwa ametangulia kwa siku mbili mwendo wa Bert Hinkler, ambaye mwaka 1928 alifika Australia kwa muda wa siku kumi na tano na nusu. Magazeti yakaanza kumshangilia.

Ndipo mvua za masika ya Burma zilipomkuta. Akiutafuta uwanja wa Rangoon, alitua kwa makosa katika kiwanja cha michezo cha chuo cha ufundi cha serikali pale Insein. Ndege ilijitumbukiza mtaroni. Rafadha ikavunjika na bawa likaharibika. Rafadha ya akiba alikuwa nayo, lakini kitambaa cha kuviraka hakikuwapo. Walimu na wanafunzi wa chuo wakaingia kazini. Zikapatikana shati zilizokuwa zimeshonwa kwa kitambaa cha ndege kilichobaki baada ya vita vya 1914–1918. Zikachanwa, zikawa viraka vya bawa. Hivyo kitambaa kilichotoka katika ndege kuwa nguo kikarudi tena katika ndege.

Muda uliopotea haukurudi. Amy alifika Darwin tarehe 24 Mei, siku ya ishirini, bila kumshinda Hinkler. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kusafiri kwa ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Siku chache baadaye ndege ilipinduka ilipokuwa ikitua Brisbane. Mwishowe ikaingia katika mali ya makumbusho, wala haijawa tena ya mtu mmoja. Amy alifariki tarehe 5 Januari, 1941, ndege nyingine aliyoirusha ilipoanguka katika mlango wa mto Thames. Mwili wake haukupatikana.

Basi Jason ni ya nani? Hati za mauzo zitamtaja Hope, kisha Amy, kisha makumbusho. Wenye haki watamkumbuka baba na tajiri waliolipa. Lakini daftari la usajili lina nafasi ya jina la mwenye mali, halina nafasi ya jina la mtia kiraka. Burma ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na sifa za safari ile zilihesabiwa kuwa sifa za dola hiyo. Vijana wa Insein waliofanya kazi mvuani wakabaki kuwa "wanafunzi" tu.

Sisi walimu tunalo la kujifunza hapo. Tunapowafundisha watoto habari za watu mashuhuri, tusiishie kwa nahodha na mwenye chombo. Tuwaulize pia: ni nani aliyetia kalafati? Kidole kimoja hakivunji chawa, na ndege ile isingalivuka bahari ya Timor bila ya shati za Insein.