Mekatilili wa Menza: Kifaranga, Kofi na Sauti ya Mtambaji Mmoja

Kila mwezi wa Agosti, Wagiriama wa Pwani ya Kenya hukusanyika kumkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke ambaye utawala wa Waingereza ulimkamata, ukamfukuza kwao na kumsaka alipotoroka, na ambaye leo amesimamishiwa sanamu mjini Malindi. Kumbukumbu hizo huamsha upya swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha, nalo ni kiasi gani cha kinachosimuliwa juu yake kilitokea, na kiasi gani kimeongezwa na vizazi vilivyohitaji shujaa. Swali hilo linawahusu pia wakazi wa Msata, nchini Tanzania, mahali ambapo barabara ya kutoka Bagamoyo huungana na barabara kuu ya Chalinze na Segera, iendayo Tanga, Horohoro na hatimaye Mombasa na Malindi, kwa sababu pwani hii ni moja, na Bagamoyo ndiko wanakofunzwa wasanii wenye uwezo wa kulijibu jukwaani.

Mambo ya msingi yanafahamika. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi, na Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, kwa desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe. Alizaliwa katika karne ya 19, akaolewa, na alipoingia katika historia alikuwa mjane wa makamo au zaidi. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi na miradi ya serikali, walipe kodi ya kichwa na nyumba, na jamii ihame kutoka ardhi yenye rutuba iliyo kaskazini mwa mto Sabaki. Mekatilili alizunguka vijijini akiwahimiza watu wakatae, na aliwavuta kwa kifudu, ngoma ya maziko, ambayo popote ilipochezwa ilikusanya umati bila mtu kuhitaji kibali cha mkutano.

Umati huo ulielekea kwenye kaya, yaani makazi ya asili ya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, yaliyozungukwa na msitu mtakatifu, ambako wazee walisimamia sheria na ibada. Katika Kaya Fungo watu walikula viapo viwili: wanawake walikula mukushekushe, na wanaume wakala fisi, kiapo kilichoogopwa kuliko vyote, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Mwanahistoria Cynthia Brantley, ambaye kitabu chake juu ya upinzani wa Wagiriama kilitoka mwaka 1981 na ambaye makala haya yanamfuata kwa sehemu kubwa, anaonyesha kuwa nguvu ya Mekatilili ilikuwa katika viapo hivyo, katika maneno na katika uwezo wa kukusanya watu. Hakuwa chifu, wala hakuwa jemadari wa jeshi, ingawa michoro ya siku hizi hupenda kumpa silaha mkononi.

Kisa kinachopendwa kuliko vyote ni kile cha kuku. Inasimuliwa kwamba Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza aliyesimamia Wagiriama, aliitisha mkutano ili apewe vijana, na Mekatilili akaja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa huyo ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku alimdonoa, na Mekatilili akasema kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa atakayewachukua wana wa Wagiriama. Katika baadhi ya masimulizi, Champion alikasirika akampiga kuku risasi. Katika mengine kuku hayumo kabisa, na badala yake Mekatilili anampiga ofisa huyo kofi mbele ya watu wake, jambo lililozusha ghasia.

Masimulizi hayo yanaishi katika kumbukumbu za mdomo, na kule kutofautiana kwake ni ushahidi wa namna yalivyokua. Neil Carrier na Celia Nyamweru, walioandika mwaka 2016 juu ya jinsi Mekatilili alivyogeuzwa kuwa shujaa wa taifa, wanaeleza kwamba taswira yake ya leo imejengwa upya mara kadhaa kulingana na haja za wakati, ukiwamo utetezi wa haki za wanawake na wa utamaduni wa Mijikenda. Hata hivyo, kukitupa kisa cha kuku kwa sababu hakina hati ni kupoteza kitu cha thamani, kwa kuwa ndani yake mna maelezo sahihi ya mgogoro wenyewe: serikali ilidai wana, na mama akakataa. Kifaranga ni hoja iliyovishwa manyoya. Kofi lina asili nyingine, kwa maana linaonyesha jinsi waliodhalilishwa walivyotamani ofisa apatilizwe, na pengine linasema zaidi juu ya waliosimulia kuliko juu ya mwanamke mwenyewe.

Safari yake ya uhamishoni nayo imekumbwa na hali hiyohiyo. Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadori Kola, na wote wawili wakapelekwa magharibi mwa nchi. Wapo wanaotaja Mumias, lakini Brantley anataja Kisii. Januari 1914 walitoroka na kurudi kwao, na tangu hapo akawa mtoro machoni pa serikali. Umbali unaotajwa hubadilika kutoka mdomo hadi mdomo, ila ramani haina upendeleo, nayo inaonyesha kuwa kutoka Kisii hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 600 hata kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo hapa ukweli hauhitaji kuongezewa chumvi. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena, akaachiwa na kurudi kwao mwaka 1919, na akafariki katikati ya miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale.

Njia inayofaa kutenganisha nyuzi hizi za yaliyotokea na yaliyoongezwa ni mchezo wa mtu mmoja, yaani onyesho ambalo fanani mmoja huzibeba sauti zote mbele ya hadhira. Katika tamthilia ya waigizaji wengi, Champion wa jukwaani huvaa kofia ya Champion, kuku huletwa, na mtazamaji huondoka akiamini ameona tukio. Fanani anapokuwa peke yake, udanganyifu huo hauwezekani, kwa sababu kila sauti hutoka katika kinywa kimoja, na hadhira hulazimika kuuliza ni nani anayesema sasa: ni bibi wa Bungale, ni ofisa anayejitetea kwa wakubwa wake, au ni mwanahistoria. Utambaji wa hadithi wa pwani umekuwa mkweli kwa namna hiyo tangu kale, kwani mtambaji hufungua kwa mwaliko unaokaribisha hadithi na uongo kwa pamoja ili utamu ukolee.

Fasihi ya Tanzania ina kielelezo. Ebrahim Hussein, baada ya kumweka jukwaani kiongozi wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani katika Kinjeketile mwaka 1969, aliandika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, iliyochapishwa mwaka 1976, ambamo msimulizi mmoja hubeba mchezo mzima kwa mtindo wa mtambaji. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa, kimelea wachezaji wenye uwezo wa kuendeleza njia hiyo.

Inasikitisha kwamba wanawake waliozikataa dola za kikoloni bado hupewa mistari michache. Abushiri, aliyewapinga Wajerumani na kunyongwa Pangani mwaka 1889, anajulikana na kila mwanafunzi wa Bagamoyo, ilhali Nkomanile, mwanamke aliyenyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na wanaume wa Majimaji, hutajwa kwa kupita tu. Mekatilili amebahatika zaidi, kwani katika miaka ya karibuni amepata sanamu, na mwaka 2020 picha yake ikapamba ukurasa wa Google. Lakini sanamu haiwezi kusema ni lipi lilitokea na ni lipi lilitamaniwa. Fanani mmoja atokaye Bagamoyo, akipita Msata kuelekea kaskazini na kitambaa kimoja begani, anaweza kumweka kuku mbele ya watu, akasema wazi kwamba huyu ametoka katika vinywa vya wazee, kisha akala kiapo kama kilivyoliwa Kaya Fungo, akasema kwamba hiki kilitokea. Heshima ya namna hiyo Mekatilili anaistahili, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwakusanya watu kwa ngoma na akawashika kwa neno waliloapa kutolivunja.