Kashfa: Neno Moja, Wakosaji Wawili

Neno kashfa lina asili ya mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunua kilichofunikwa. Katika Kiswahili neno hilo lilipata uzito wa kimaadili: kumkashifu mtu ni kumvunjia heshima mbele za watu. Kwa matumizi haya mwenye kosa ni msemaji. Katika miji ya pwani, mzushi wa maneno aliweza kusutwa, yaani kukabiliwa hadharani mbele ya mashahidi na kutakiwa athibitishe aliyoyasema.

Maana hiyo ndiyo iliyokutana na sheria ya Kiingereza iliyoletwa na ukoloni. Sheria hiyo ilitenganisha kashfa ya maandishi na kashfa ya mdomo, na kuihesabu ya kwanza kuwa nzito zaidi, kwa kuwa maandishi hudumu. Nchini Kenya, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kashfa ya maandishi, na hata ya picha, kuwa jinai. Maneno yaliyotamkwa tu hayakuguswa.

Magazeti, kwa upande wao, yalikuza maana nyingine. Kashfa ya Goldenberg, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilihusu mabilioni ya shilingi za umma yaliyolipwa kama fidia kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi, mauzo ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Nchini Tanzania, kutokana na kashfa ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008. Hapa kashfa si maneno ya msemaji tena, bali ni kitendo cha mtendaji. Neno limebaki lilelile, mkosaji amebadilika.

Ndiyo maana mwandishi aliyefichua kashfa aliweza kushtakiwa kwa kosa la kashfa. Katika madai, ukweli wa habari ni kinga kamili. Katika jinai haukutosha: chini ya Kanuni hiyo ya Kenya, habari ya kweli ilipaswa pia kuwa imechapishwa kwa manufaa ya umma. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu cha 194 kuwa kinyume cha Katiba. Njia ya madai ilibaki wazi kwa aliyeharibiwa jina, na swali lililobaki mbele ya hakimu ni lilelile la kusutana: je, uliyoyasema ni kweli?