Nani Akague Kibali? Sheria za Kupangisha kwa Siku Chache New York, 1901–2023

Mtu anayempangishia mgeni chumba kwa usiku mmoja jijini New York anagusa sheria zenye historia ya zaidi ya miaka mia moja. Katika insha hii ninadai kwamba marufuku peke yake haikutosha kubadilisha biashara hiyo. Kilichoibadilisha ni uamuzi kuhusu nani awajibike kukagua kibali.

Mwaka 1901 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyodai kwamba nyumba mpya za wapangaji ziwe na mwanga, hewa, vyoo na njia za kuokokea moto. Sheria ya 1929 ikatenganisha majengo ya wakaazi wa kudumu na yale ya wapitaji. Msingi ulikuwa usalama: mgeni wa usiku mmoja hajui ngazi ya dharura ilipo.

Tovuti za kupangisha zilipoenea, bunge la jimbo lilirekebisha sheria hiyo mwaka 2010. Katika majengo ya familia tatu au zaidi ikakatazwa kupangisha nyumba nzima kwa chini ya siku 30. Mwaka 2016 ikaongezwa faini ya hadi dola 7,500 kwa anayetangaza nyumba ya aina hiyo. Hata hivyo maelfu ya matangazo yalibaki, kwa kuwa wakaguzi walipaswa kufuatilia nyumba moja moja.

Sheria Na. 18 ya jiji, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2023, iligeuza mzigo huo. Mwenyeji lazima asajiliwe, awepo nyumbani, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Zaidi ya hayo, tovuti hairuhusiwi kupitisha malipo ya mwenyeji asiyesajiliwa. Matangazo ya siku chache yalipungua sana mara moja.

Sidai kwamba sheria hii haikumuumiza mtu. Wenye nyumba za familia moja au mbili, waliotegemea wageni ili kulipa mkopo wa nyumba, walibanwa sawa na mwekezaji mwenye nyumba nyingi. Kodi nazo hazikushuka, kwani uhaba wa nyumba una sababu nyingine pia.

Kwa kuhitimisha, naona kwamba kibali hupata nguvu kinapokaguliwa pale fedha zinapopita. Lakini nguvu si haki. Sheria inayofuata ingepaswa kumtofautisha anayepangisha chumba ili abaki kwake na anayewaondoa wapangaji ili apate wageni.