Karatasi gani kwanza? PMP, PRINCE2, Scrum na gredi za Changamwe

Leo naweka kodi pembeni, tuzungumze habari za makaratasi. Binamu yangu anakaa Kisauni. Ameandika programu miaka minne katika kampuni ndogo inayowahudumia mawakala wa forodha pale bandarini. Mwezi uliopita bosi alimwita akamwambia, kuanzia leo wewe ni meneja wa miradi. Mshahara ni ule ule (cheo hakina gharama!). Usiku akanipigia simu: “Kaka, nifanye PMP, PRINCE2 ama hii Scrum? Pesa ninazo, lakini ni za mabati.”

Pesa za mabati, yaani nyumba imefika lenta na mvua yaja. Nikamwambia asilipe chochote kwanza, nifikirie. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia cheti kimoja zamani kwa sababu kila mtu alikuwa akikitaja. Kiko ndani ya bahasha hadi leo, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nikionyeshe. Kwa hiyo safari hii nilianza kwa kutazama karatasi hizi zilitoka wapi, nani alizizaa na alikuwa na shida gani.

Nianze na Changamwe, kwa sababu pale kuna kitu kinachosaidia kuelewa. Mtambo wa kusafisha mafuta ulianza kazi 1963, ukaongezwa sehemu ya pili 1974, na ukaacha kusafisha mafuta 2013. Mtambo wa namna ile una tabia moja: haurekebishwi ukiwa unawaka. Lazima uzimwe, mafundi waingie, wafungue, wasafishe, wafunge, kisha uwashwe tena. Kila saa uliyozimwa ni hasara. Sasa nani anatangulia, mchomeleaji ama fundi wa mabomba? Na fundi wa mabomba akichelewa nusu siku, je, kila mtu anachelewa, ama kuna nafasi ya kufidia?

Swali hilo hasa ndilo lililoisumbua kampuni ya kemikali ya DuPont huko Marekani. Mwaka 1957 Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand waliamua kuiuliza kompyuta ya UNIVAC. Waliorodhesha kazi zote, kila kazi na muda wake na ile inayopaswa kuitangulia. Kisha kompyuta ikatafuta ule mlolongo ambao ukichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Huo ndio wa kuukalia macho, kazi nyingine zina nafasi ya kupumua. Walipoijaribu njia hiyo katika kiwanda cha Louisville, muda wa kuzima mtambo kwa matengenezo ulishuka kutoka wastani wa saa 125 hadi 93. Wakati huo huo jeshi la majini la Marekani lilikuwa na makombora yake ya Polaris, na 1958 likatoa njia inayofanana nayo, PERT.

Kwa hiyo (na hapa wengi wetu tunaoandika programu hatujui) elimu ya kusimamia miradi tunayouziwa leo ilianza pamoja na kompyuta, lakini haikuanza kwa ajili ya watu wa kompyuta. Ilikuwa ya wenye mitambo, manowari na majengo. Watu wa aina hiyo ndio waliounda Project Management Institute mwaka 1969, na mtihani wao wa PMP ukaanza 1984. Kile kitabu chao kinene cha PMBOK kilitoka kama toleo la kwanza 1996. Ukijua hivyo hushangai kwamba PMP haimtaki mgeni. Mwenye digrii huulizwa miezi 36 ya kuongoza miradi, asiye na digrii huulizwa zaidi, na mafunzo ya saa 35 juu yake. Ukishaipata, kila miaka 3 waonyeshe saa 60 za kujiendeleza. Binamu yangu ana mwezi mmoja. Kwake mlango huo bado umefungwa hata akiuza nyumba nzima. Kuna CAPM, ambayo walewale waliileta 2003 kwa wanaoanza, hiyo haiulizi uzoefu.

Waingereza shida yao ilikuwa nyingine. Serikali ilikuwa ikinunua mifumo ya kompyuta na pesa zinapotea. Mwaka 1979 shirika lake la kompyuta, CCTA, likachukua utaratibu uitwao PROMPT II, uliotungwa na kampuni binafsi 1975. Mwaka 1989 ukageuka PRINCE, na 1996 ukawa PRINCE2, sasa kwa mradi wowote. Tangu 2021 ni mali ya kampuni ya PeopleCert. Usomeni tu, utasikia harufu ya ofisi ya serikali: nani ametia sahihi, nani ana ruhusa, kwa nini tunaendelea kutumia pesa hizi? Silaumu. Mtu anayetumia pesa za wengine anahitaji maswali hayo. Ndiyo maana mashirika ya misaada yameupenda, na matangazo ya kazi ya UNDP yameutaja mara nyingi. Ngazi ya kwanza, Foundation, haihitaji uzoefu.

Scrum ni yetu wenyewe, walau kwa kuzaliwa. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliitangaza 1995, na Februari 2001 wao na wenzao, jumla 17, wakakutana Snowbird kule Utah wakaandika lile tamko la Agile. Cheti kikafuata. Kisha 2009 Schwaber akatoka Scrum Alliance akaanzisha Scrum.org, ndiyo sababu leo kuna karatasi mbili zinazofanana jina. CSM lazima ukae darasani na mwalimu, na huisha baada ya miaka 2. PSM unafanya mtihani tu, na haiishi. Kwa mtu wa mabati, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini kuna karatasi iliyotutangulia sote. Muulize fundi yeyote mtu mzima wa Changamwe au Likoni, atakuambia ana gredi tatu, au mbili, au moja. Mitihani ile ya ufundi ya serikali (leo iko chini ya NITA) humpa mtu kipande cha kazi na vifaa, na mtahini anasimama anatazama mikono. PMP ni kuchagua majibu kwenye skrini. Nasema wazi, naiheshimu gredi zaidi.

Na kuna karatasi zenye sheria nyuma yake. KASNEB iliundwa 1969, mwaka uleule wa wale Wamarekani, na Sheria ya Wahasibu ya 1977 ikaipa CPA meno. Sisi wa kompyuta tulikaribia: muswada wa 2016 ulitaka tusajiliwe na kupewa leseni, tukapiga kelele mitandaoni kweli kweli. Ukarudi kwa sura nyingine, Bunge likaupitisha 2022, na Rais Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Hivyo anayesimamia mradi wa programu hadaiwi cheti na sheria, anadaiwa na mteja.

Basi nilimuuliza binamu, wateja wenu ni nani? Mawakala wa forodha. Wamewahi kuuliza cheti? Hapana, wanauliza mfumo utakuwa tayari lini. Kuna mwingine? Kuna shirika moja la misaada, zabuni yake ni mwakani, na hiyo inataja PRINCE2. Na Dubai je, bado unaiwazia? Akacheka. Kule matangazo mengi yanataka PMP, na miezi 36 haianzi kuhesabiwa mpaka uiandike.

Mabati ameshanunua. Foundation ameiweka baada ya Idi, akiomba stima isikatike siku hiyo kwa sababu atafanyia nyumbani mbele ya kamera. Na Kongowea amenunua daftari la kurasa 200, ameandika mradi wa kwanza, tarehe, saa alizoongoza, na jina la bosi atakayethibitisha.