Kiswahili Kilichoingia Uganda kwa Mlango wa Jikoni

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wetu hapa Kampala hutuambia jambo lile lile: kwamba Kiswahili nchini Uganda ni lugha ya kambini, lugha ya askari na majambazi, na kwamba nyumbani kwao hakijawahi kukanyaga. Hatuwalaumu. Wazee wao wanakumbuka vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, na amri inayotolewa huku bunduki ikikutazama si somo la lugha. Lakini sisi tunaopenda kula tumezoea kuwajibu kwa kuwapeleka mezani.

Neno meza lenyewe latosha kuanzia. Lilitoka kwa Wareno, likakaa pwani, likafika Buganda likaitwa emmeeza. Sahani ni essowaani, kijiko ni ekijiiko, sufuria ni essefuliya, sukari ni ssukaali, mkate ni omugaati, bizari ni ebinzaali. Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula Wandegeya, ambaye tumekula kwake miaka mingi, hucheka tukimwambia kwamba amekuwa akisema Kiswahili tangu alfajiri. Yeye hushikilia kwamba hayo ni maneno ya Kiganda. Naye asema kweli, maana mgeni aliyekaa muda wote huo si mgeni tena.

Amekaa tangu lini? Wanahistoria hutaja mwaka 1844, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suuna II. Misafara ya pwani ilileta nguo, shanga na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Biashara hiyo haikuwa na usafi wowote. Mutesa I, mwanawe Suuna, alijifunza Kiswahili. Stanley alipomtembelea mwaka 1875, alimwachia Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, ili amsomee na kumfasiria Biblia. Kwa hiyo Kiswahili kilikaribishwa barazani kwa Kabaka karibu miaka 100 kabla ya Amin kutwaa madaraka mwaka 1971. Hatudai kwamba kila kitu kilichotajwa hapo juu kilibebwa na misafara hiyo. Neno huonyesha njia lilikopitia tu.

Kinachotuvutia zaidi ni pale ambapo Kiswahili hakikuingia. Nenda Jumapili kwa bibi wa kijijini huko Masaka, umtazame akimenya matooke, akiyafunga katika majani ya mgomba na kuyaacha yaive kwa mvuke taratibu. Ana jina la kila jani na kila hatua, na yote ni Kiganda kitupu. Luwombo nao, kitoweo cha kuku au nyama kinachopikwa ndani ya jani changa la mgomba lililopitishwa motoni, umebaki na jina lake. Wapishi husimulia kwamba ulibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga. Tunayapokea kama masimulizi. Ila chakula kikishaiva, sahani zikaanza kupangwa, maneno ya pwani hurudi moja moja. Kiini cha mlo hakikuguswa. Kilichokopwa ni vyombo, viungo, na vile vinavyoliwa nje ya nyumba.

Mfano wenye uchungu kidogo ni posho. Huku Uganda posho ni ugali wa mahindi. Katika Kiswahili posho ni chakula anachopimiwa mpagazi, kibarua au askari. Mtu alipewa posho, posho ilikuwa unga, unga ukapikwa, na jina likabaki kwenye sahani. Wanafunzi waliosoma shule za bweni, waliokula posho na maharage siku nenda siku rudi, huelewa maana ya kupimiwa bila kufafanuliwa.

Chapati ilipita njia nyingine. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, na wenye maduka kama Allidina Visram wakaeneza biashara zao hadi Uganda. Chapati na kachumbari vina asili huko. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia kwa siku 90, chapati ikabaki. Vijana wanaoikaanga kando ya barabara huiviringisha pamoja na mayai, nyanya na kabichi, wakaiita rolex, nayo imewashibisha wanafunzi wengi wa Makerere kuliko bwalo lolote.

Wakati huo wote wakubwa walikuwa wakibishana. Gavana Gowers alitaka Kiswahili kifundishwe mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa akapinga. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likakitilia mkazo tena mwaka 2022. Jikoni hakuna aliyeomba ruhusa.

Kwa walimu wenzetu, hapa pana kazi. Mwanafunzi akiandika "nilikula mchele", usikimbilie kalamu nyekundu. Kiganda kilichukua omuceere kwa nafaka mbichi na iliyoiva pia. Wali uliachwa njiani. Mweleze safari hiyo kwanza, kisha umsahihishe. Na mkipanda basi la kwenda Masaka, sikilizeni linaposimama Lukaya. Wachuuzi hukimbilia madirishani wakiwa wameinua mishikaki, na abiria wanaoapa kwamba hawajui Kiswahili hupaza sauti wakitaka muchomo. Kiganda kina kitenzi chake cha kuchoma, okwokya, lakini hapo dirishani hakisikiki.