Kengele ya Tangi: Transista Moja Inayokuamsha Kabla Maji Hayajamwagika

Msikilizaji, maji yakija usiku, wengi wetu huwasha pampu na kurudi kulala. Kinachotuamsha ni sauti ya maji yanayomwagika uani. Kwa transista moja, betri na kengele ndogo, unaweza kuamka mapema zaidi.

Kwa nini tujali?

Hapa Chukwani, kama kwingine Unguja, hatuna ziwa wala mto mkubwa. Maji yetu mengi huvutwa kutoka chini ya ardhi, na visima vya karibu na pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia. Umeme wa pampu nao hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Ulipokatika mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na maji yalikuwa shida. Tangi likimwagika, unapoteza vyote viwili.

Transista hufanya nini?

Ni kama mlango wa umeme. Ina miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Umeme mdogo ukiingia kwenye besi, mlango hufunguka na umeme mwingi zaidi hupita kutoka kolekta kwenda emita. Ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na ndiyo iliyowezesha redio ndogo za betri. Hapa, maji ndiyo yatakayofikisha umeme mdogo kwenye besi.

Vifaa

- Transista BC547
- Rizista ya kilo-omu 1 (kahawia, nyeusi, nyekundu)
- Kengele ndogo ya volti 9, aina inayolia yenyewe ikipata umeme
- Betri ya volti 9 na swichi
- Nyaya mbili ndefu za kufika tangini

Kuunganisha

1. Shika transista, upande bapa ukikutazama, miguu chini. Kutoka kushoto: kolekta, besi, emita.
2. Unganisha swichi na chanya ya betri. Kila kinachokwenda chanya kipitie kwenye swichi.
3. Waya mwekundu wa kengele uende chanya, mweusi uende kolekta.
4. Emita iende hasi ya betri.
5. Unganisha rizista na besi. Ncha yake ya pili iungwe na waya mrefu wa kwanza.
6. Waya mrefu wa pili uende chanya.

Menya ncha za nyaya ndefu, uzitenganishe kiasi cha sentimita 1, kisha uzichovye kwenye glasi ya maji ya bomba. Kengele italia. Ikinyamaza, kagua miguu ya transista na rangi za nyaya. Maji ya mvua yana madini machache, hivyo hupitisha umeme kidogo. Sogeza ncha karibu zaidi, lakini zisigusane.

Tangini, funga ncha vidole viwili chini ya tundu la kutolea maji ya ziada. Kengele na betri vikae ndani, karibu na unapolala.

Tahadhari

Tumia betri tu. Usiunganishe na umeme wa ukutani wala chaja, kwani hitilafu inaweza kupeleka umeme hatari majini. Risasi ya kulehemu isiguse maji ya kunywa. Kengele ikilia, zima pampu, kisha zima swichi. Umeme ukiendelea kupita majini, shaba huliwa. Kila mwezi kwangua ncha na uijaribu kengele kwa glasi ya maji, ili siku ya kazi isikuangushe.