Jina, Kazi na Makuzi: Usawiri wa Chihiro katika Filamu ya Miyazaki

Filamu ya vibonzo ya Hayao Miyazaki, Sen to Chihiro no Kamikakushi (2001), iliyoenea nje ya Japani kwa jina la Spirited Away, aghalabu huhakikiwa kama hadithi ya makuzi: mtoto wa kike wa miaka 10 aingia katika ulimwengu wa mizimu akiwa mwoga na mwenye kudeka, atoka akiwa jasiri. Mwongozaji mwenyewe aliukataa usomaji huo. Kwa maelezo yake, hii si hadithi ya mtu kukua bali ya mtu kuchota kilichokuwamo ndani yake tangu awali. Kauli hiyo haifai kupuuzwa, wala haifai kupokewa jinsi ilivyo.

Wahusika wa kike waliomtangulia Chihiro katika kazi za Miyazaki walikuwa na uwezo wa pekee. Nausicaä (1984) ni binti wa mtawala, hodari wa kuruka angani na wa vita. Kiki (1989) ana miaka 13, ni mchawi, naye aondoka kwao kwa mujibu wa mila ya wachawi. Chihiro hana ufalme wala uchawi; twakutana naye akiwa amejilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, amenuna, ameshika shada la maua yanayonyauka. Kati ya Kiki na Chihiro uchumi wa Japani ulianguka. Bei za ardhi na hisa, zilizopanda kupita kiasi mwishoni mwa miaka ya 1980, ziliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Babake Chihiro ayatambua mara moja majengo matupu wanayoyakuta: ni mabaki ya bustani ya burudani, mojawapo ya nyingi zilizojengwa wakati huo kisha zikatelekezwa. Maneno hayo hupita upesi mno, lakini yanaiweka fantasia yote katika tarehe yake. Wazazi wakuta chakula kisicho na mwuzaji, wala; baba ajitetea kwamba ana kadi na fedha taslimu. Wageuka nguruwe.

Hapa ndipo ulinganisho na jando na unyago, ambao humvutia mhakiki kwa urahisi, unapochechemea. Mwari huongozwa na wakubwa wanaoijua njia. Wakubwa wa Chihiro wamo zizini. Wanaomfunza ni wafanyakazi: Kamaji wa tanuri, na Lin, ambaye somo lake la kwanza ni kumkaripia kwa kutomshukuru Kamaji. Katika hamamu ya Yubaba asiyefanya kazi hugeuzwa mnyama, hivyo mtoto hana budi kuiomba kazi, aiombe tena, na kutia sahihi mkataba. Yubaba amnyang'anya sehemu ya jina lake. Chihiro, kwa jinsi linavyoandikwa, ni pima elfu, kipimo cha kina cha maji. Linalobaki, Sen, ni elfu tu. Kina kimechukuliwa, imebaki hesabu.

Kazi yenyewe haikupambwa. Mgeni anayenuka kupita kiasi aletwa kuogeshwa, na Sen, aliyetumbukia majini, agundua kitu kilichomchoma ubavuni kama mwiba. Wafanyakazi wote wavuta kamba: yatoka baiskeli, kisha lundo la takataka, na anayebaki ni mungu wa mto. Miyazaki aliwahi kushiriki kusafisha mto, na tukio hilo lina asili yake huko. Baadaye Kaonashi, asiye na uso wala sauti yake mwenyewe, agawa dhahabu. Hamamu nzima yamkimbilia. Sen akataa. Kukataa huku ni jibu kwa meza ya wazazi wake, na hakutokani na mafundisho yoyote aliyopewa: ana mgonjwa wa kumshughulikia.

Mgonjwa huyo, Haku, naye amepoteza jina. Ni mto Kohaku, uliofukiwa na kujengewa majumba ya kupangisha, kama ilivyofanyiwa mifereji mingi ya Tokyo baada ya vita. Chihiro alitumbukia humo utotoni. Kumbukumbu hiyo, kama asemavyo Miyazaki, ilikuwamo ndani yake. Lakini haikufikika ila baada ya kazi na ile safari ndefu ya garimoshi kwenda kwa Zeniba. Kuchota ndiko kukua kwenyewe, na hapo mwongozaji aliikana kazi yake kupita kiasi.

Upande wake nao una ushahidi. Mwishoni, baada ya kutambua kwamba hakuna hata mmoja wa wazazi wake miongoni mwa nguruwe aliopangiwa, Chihiro apita handakini akiung'ang'ania mkono wa mamake, kama alivyoung'ang'ania wakati wa kuingia. Wazazi hawakumbuki lolote. Gari limejaa vumbi na majani. Ageuka kutazama nyuma, na utepe wa nywele uliosokotwa nyumbani kwa Zeniba wang'aa mara moja.